Harusi ya Tarehe 13 Julai

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nililipwa kuandika sentensi tatu kwa siku. Kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja, kilikuwa na kipengele cha mtandaoni kinachoitwa "Siku Kama ya Leo", na mjazaji wake nilikuwa mimi. Wasikilizaji wa kipindi cha usiku walikuwa watu wa roki, kwa hiyo kila tarehe ilibidi ipatiwe roki yake: nani kazaliwa, nani kafa, bendi gani imevunjika, albamu gani imeingia sokoni. Picha moja, sentensi tatu, basi. Siku nyingine nilikesha nikitafuta japo mpiga drami mmoja aliyefunga ndoa tarehe hiyo.

Tarehe 13 Julai haikunisumbua hata kidogo. Ni kama kuokota embe chini ya mwembe. Tarehe 13 Julai 1942 alizaliwa Roger McGuinn wa The Byrds. Tarehe 13 Julai 1973 Queen walitoa albamu yao ya kwanza. Halafu inakuja 13 Julai 1985, siku ya Live Aid: uwanja wa Wembley mjini London na uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, tamasha moja katika mabara mawili, saa kumi na sita mfululizo, kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Niliandika kwamba Queen walipewa kama dakika 20 na wakaondoka na siku nzima. Niliandika kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Sentensi ya tatu ilikuwa ya watazamaji, wale bilioni moja na nusu wanaotajwa kila mwaka na ambao sijui nani aliwahesabu.

Nikaongeza ya nne. Nilisema kwamba picha zilizosababisha yote yale zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia hapa hapa Dar es Salaam.

Mhariri akaifuta. Nilipomuuliza, akanijibu bila hasira, "Hakuimba huyo. Hiyo ni habari ya njaa, sisi tunaandika muziki."

Nimekuwa nikibishana na maneno hayo kimoyomoyo tangu siku ile, nikiwa kwenye daladala, nikiwa naosha vyombo. Leo nataka nibishane hadharani, na simlaumu mhariri peke yake. Alikuwa anafuata kanuni ya kalenda zote za roki duniani, na nyingi ya kalenda hizo zinasomwa na watu kama wewe na mimi, tuliosoma, tunaojiona wajanja.

Tuanze na tarehe yenyewe, maana hata tarehe ina mwenyewe. Status Quo walifungua Wembley saa 6 mchana kwa saa za London. Huku kwetu ilikuwa saa 8 mchana. Queen walipanda jukwaani saa 12:41 jioni ya kwao. Kwetu ilikuwa saa 2:41 usiku, Magharibi imeshapita, na kwa hesabu ya watu wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapozama, Jumamosi ilikuwa imekwisha na walimwengu wako katika usiku wa kuamkia Jumapili. Wale wa Philadelphia walipofika wimbo wa mwisho, Afrika Mashariki ilikuwa inapambazukiwa. Ile "siku moja" ya historia ya roki, ukiitazama kutoka upande huu, ni siku mbili.

Na ukiitazama kutoka Ethiopia, siyo Julai na siyo 1985. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, lakini miezi na miaka wana yao. Siku ile kwao ilikuwa tarehe 6 Hamle 1977. Ndiyo maana Waethiopia wa rika la wazazi wetu, wakizungumzia janga lile, huliita la sabini na saba. Hiyo themanini na tano unayoijua wewe haimo katika masimulizi yao. Msiba una jina lake nyumbani kwake, na sisi tumelijua kwa jina la ukumbi wa sherehe.

Nataja kalenda kwa sababu kichekesho kikubwa cha habari hii kimo humo. Miezi saba kabla ya Wembley, wasanii wa Uingereza na Ireland walijikusanya kwa jina la Band Aid, chini ya Bob Geldof na Midge Ure, wakarekodi wimbo ambao jina lake lenyewe linauliza kama watu hawa wanajua kwamba ni Krismasi. Swali hilo liliulizwa kuhusu nchi ambayo wafalme wake wa Aksum waliupokea Ukristo katika karne ya 4. Wanajua. Wanaisherehekea tarehe 7 Januari, wanaiita Genna. Na wale waliokuwa Waislamu, ambao Wollo ni wengi, walikuwa na sikukuu zao. Wimbo ule umerekodiwa upya 1989, 2004 na 2014, na swali likabaki pale pale kwenye jalada, kana kwamba katika miaka yote hiyo hapakupatikana mtu wa kulijibu.

Sasa nirudi kwa mtu wangu aliyefutwa.

Mohamed Amin alizaliwa 1943 Nairobi, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Familia ikahamia Tanganyika, na ni hapa Dar es Salaam, akiwa bado kijana wa shule, ndipo alipoanza kuuza picha kwa magazeti. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, katika mji huu huu ninaouandikia. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Amin, miaka 20, akavuka bahari na kamera kwenda kule ambako watu wengine walikuwa wanatafuta namna ya kutoka.

Miongoni mwa waliotoka mwaka ule ni familia ya Kiparsi ya Bulsara. Baba alikuwa karani wa fedha wa serikali ya kikoloni. Mtoto wao wa kiume, Farrokh, alikuwa na miaka 17 na ndiyo kwanza amerudi kutoka shule ya bweni India. Waliishia Feltham, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh ndiye Freddie.

Ebu fikiri kidogo. Kisiwa kimoja, mwaka mmoja, vijana wawili wa asili ya Kihindi waliopishana umri kwa miaka mitatu: mmoja anaingia na kamera, mwingine anaondoka na wazazi wake. Sina ushahidi kwamba waliwahi kuonana, na sitajifanya ninao. Miaka 21 baadaye, kazi ya wa kwanza ndiyo iliyomjengea wa pili jukwaa lililomfanya asisahaulike. Mwandishi wa riwaya akikuletea mkasa kama huu utamwambia apunguze. Lakini ndio uliotokea, na kalenda za roki, ambazo ziko tayari kutuambia rangi ya suruali ya Freddie siku ile, hazioni kitu hapo.

Oktoba 1984 ndiyo inayoniuma zaidi. Mwezi ule Amin alikuwa Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC. Korem iko nyanda za juu, baridi yake ya alfajiri ni ya kuua mtu mwenye shibe, sembuse mwenye njaa. Kamera yake ilipita taratibu juu ya watu waliojikunyata chini ya shuka, ambao baadhi yao walikuwa wameshakufa. Picha zile zilitangazwa BBC tarehe 23 Oktoba, jioni ile ile zikaonekana Marekani, na baada ya hapo mamia ya vituo vya televisheni vikazipokea. Geldof alikuwa nyumbani kwake akitazama. Live Aid ilianzia hapo, kwenye bega la mpiga picha wa Nairobi.

Mwezi ule ule Queen walikuwa Sun City, Bophuthatswana, moja ya nchi za bandia zilizobuniwa na makaburu, wakipiga maonyesho mfululizo huku Umoja wa Mataifa ukiwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina lao likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Miezi tisa baadaye walikuwa Wembley, wanaiokoa Afrika. Sisemi Freddie alikuwa mtu mbaya. Nasema kwamba mtoto wa Zanzibar aliimba mara mbili katika habari ya bara lake ndani ya miezi tisa, na sisi tumechagua kukumbuka mara moja tu, ile inayopendeza kwenye filamu. Filamu yenyewe, ile ya 2018, ilisogeza hata tarehe za ugonjwa wake ili machozi yaangukie Live Aid. Wengi wetu tulilia ukumbini. Mimi pia.

Kuna msemo tunaoutumia bila kuufikiria: kifo cha wengi harusi. Huwa tunasema kwa masikitiko, kwamba wakifa wengi kwa pamoja msiba hupoteza uzito, watu wanakula, wanacheka, wanaulizana habari. Sijui maneno mengine yanayoieleza 13 Julai vizuri zaidi. Ilikuwa harusi kwelikweli. Palikuwa na maarusi, palikuwa na waliochelewa, palikuwa na aliyeharibikiwa na maikrofoni (Paul McCartney, dakika za mwanzo hakusikika), palikuwa na waliofanya vibaya hadi wakakataa picha zao zisitolewe tena (Led Zeppelin), palikuwa na aliyetaka aonekane pande zote mbili akapanda Concorde (Phil Collins). Ukisoma kalenda za roki, hayo ndiyo matukio ya siku. Ukiuliza marehemu ni nani, utaambiwa "njaa ya Ethiopia", kama vile njaa ni jina la ukoo.

Njaa ile ilikuwa na watu wake na sababu zake. Ukame ulikuwapo, hakuna anayebisha. Lakini serikali ya Derg ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani Tigray na Eritrea, na jeshi lake lilikuwa linachoma mazao, linashambulia masoko, linazuia chakula kisifike kwenye maeneo ya waasi. Chakula cha huko kilipitishwa usiku kwa malori kutoka Sudan, taa zimezimwa, kwa kuogopa ndege za serikali. Septemba 1984, watu wakiwa wameshaanza kufa, Addis Ababa ilipambwa kwa miaka kumi ya mapinduzi. Mwishoni mwa Aprili 1985 askari waliwatimua maelfu ya watu wenye njaa kutoka kambi ya Ibnat na kuchoma vibanda vyao. Mamia kwa maelfu walihamishwa kutoka kaskazini kupelekwa kusini magharibi, wengi kwa nguvu, na wengi wakafia njiani au walikofikishwa. Madaktari wa Médecins Sans Frontières waliposema hadharani, walifukuzwa nchini Desemba 1985, miezi mitano baada ya tamasha. Waliokufa katika janga zima wanakadiriwa kuwa kati ya laki nne na milioni moja.

Hakuna hata moja kati ya haya lililoimbwa Wembley. Ukame hauna balozi wa kukasirika, wala hauna ndege za kivita. Ukimlaumu ukame, kila mtu anabaki salama, unaweza kupiga gitaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, ila siku ile mwenye shibe alimjua mwenye njaa kwa sura tu na hakutaka kujua nani amemfungia ghala.

Na sura yenyewe ilikuwa ya nani? David Bowie aliacha wimbo wake mmoja ili uwanja uonyeshwe video ya wenye njaa. Katika video ile iliyopigwa na Wakanada alikuwamo mtoto wa Kitigray, Birhan Woldu, aliyedhaniwa yuko kwenye kukata roho. Alipona. Mwaka 2005, kwenye Live 8, alisimamishwa jukwaani Hyde Park na Madonna akamshika mkono. Kwa miaka 20, basi, nafasi ya Mwethiopia kwenye jukwaa hili ilikuwa moja: awe ushahidi.

Kwani Ethiopia haikuwa na wanamuziki? Addis Ababa ya miaka ya 60 na 70 ilikuwa na bendi zenye magitaa ya umeme, kinanda na tarumbeta, zikipiga hadi alfajiri mpaka Derg ilipoweka amri ya kutotembea usiku. Mahmoud Ahmed alikuwa hai na sauti yake kamili. Hailu Mergia wa Walias Band alikuwa Marekani, alikobaki baada ya ziara ya bendi. Na wanamuziki wa Afrika hawakukaa kimya wakisubiri kuombewa: Manu Dibango aliwakusanya wenzake, wakiwamo Salif Keita, Youssou N'Dour, King Sunny Adé na Ray Lema, wakarekodi Tam Tam pour l'Éthiopie kuchangia wenye njaa wale wale. Rekodi hiyo ilitoka 1985, kabla ya Wembley. Mimi niliyekuwa nalipwa kujua tarehe za muziki sikuijua mpaka nilipoacha kazi.

Kwenye jukwaa la Wembley, kati ya nyota wakubwa, ninaoweza kuwahesabu kuwa wamezaliwa Afrika ni wawili: Sade, mzaliwa wa Ibadan, na Freddie, mzaliwa wa Unguja. Wote wawili waliingia kama Waingereza. Hata 2005, baada ya kelele nyingi, wasanii wengi wa Afrika walipewa tamasha lao pembeni, Cornwall, mbali kabisa na Hyde Park. Mgeni wa heshima anawekwa uani.

Utaniambia: watu walipona. Kweli. Band Aid walinunua malori, walikodi meli, unga ulifika, na mtoto aliyeshiba hajali nani aliimba. Sitaki kuwa yule anayedharau sadaka kwa sababu hakupenda nguo ya mtoaji. Geldof aliwatukana wakubwa wa nchi yake kwa lugha ambayo wakubwa wetu hawajawahi kutukanwa, na namheshimu kwa hilo. Wala sitasema Queen hawakuwa hodari. Nimetazama zile dakika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na kila mara, anapouchezesha uwanja mzima kwa sauti yake tupu, watu 70,000 wakimjibu kama madrasa, nywele zinanisimama. Ubishi wangu uko baada ya tamasha. Uko kwenye kumbukumbu. Fedha zile zilikuwa za mwaka ule, lakini kalenda inarudi kila mwaka, na kila mwaka inatoa somo lile lile: kwamba Afrika ni mahali ambapo mambo hutokea bila kufanywa na mtu, na kwamba anayetenda yuko Wembley.

Somo hilo lina gharama. Novemba 2020 vita vilirudi Tigray, njia zikafungwa, chakula kikawa silaha tena. Safari hii hapakuwa na Jumamosi yoyote. Miaka minne baadaye, Novemba 2024, kilichotolewa ni toleo jingine la wimbo wa Krismasi, limeunganishwa kutoka sauti za zamani, na Ed Sheeran akasema kwamba angeulizwa asingekubali sauti yake itumike. Fuse ODG alikuwa amekataa kushiriki miaka kumi kabla yake. Ndiyo, watu wanaanza kukataa. Lakini wanakataa wimbo. Kalenda bado haijaguswa.

Na sisi? Hapa ndipo ninapokereka kwelikweli, kwa sababu hakuna mzungu wa kumsingizia. Nenda Shangani. Mlangoni utakuta jina la Freddie, tangu 2019 kuna makumbusho yake, watalii wanapanga foleni kupiga picha. Vizuri, watu wapate riziki. Ila mtu yule aliondoka akiwa na miaka 17 na hakuimba habari za Unguja, nasi tunamdai kama ndugu aliyeshinda bahati nasibu. Amin alifanya kazi hapa, aliupiga picha ukanda huu kwa zaidi ya miaka 30, Zanzibar hiyo hiyo iliwahi kumfunga jela kwa sababu ya kamera yake. Nimewauliza wenzangu kumi tuliosoma nao uandishi wa habari chuoni. Wawili walikuwa wamemsikia. Mmoja wao alidhani ni mwanasiasa wa Uganda.

Mama yangu alikuwa Morogoro Julai 1985. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati ule. Nikimuuliza juu ya Live Aid ananiuliza ni sabuni gani hiyo. Anachokumbuka kuhusu mwaka ule ni foleni ya sukari, na kwamba Mwalimu alikuwa anakaribia kuondoka madarakani. Nilipomwonyesha zile picha za Korem kwenye simu alizitazama kimya, halafu akauliza, "Aliyepiga alikuwa anakula nini?" Sijawahi kusikia mchambuzi yeyote wa roki akiuliza swali zuri kama hilo.

Amin alipoteza mkono wa kushoto 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa pale pale. Akafungwa mkono wa bandia na kurudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Iliishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu na pwani ya Ngazija. Walikufa watu 125, naye akiwamo.

Freddie alikufa tarehe 24 Novemba 1991. Katika kalenda wanakaa bega kwa bega, 23 na 24.

Kwa hiyo Novemba ile, nikiwa bado kazini, niliandaa kadi mbili. Ya tarehe 24 ilipita bila kuguswa koma. Ya tarehe 23 niliiandika kwa uangalifu, nikataja Korem, nikataja Live Aid, nikataja hata Queen ili iwe na roki ndani yake. Asubuhi nilipofungua ukurasa nilikuta picha yangu ya Amin imeondolewa. Mahali pake paliwekwa masharubu meusi kwenye kitambaa cha njano, na maneno mawili: "Kesho, Freddie."